Muziki mashariki mwa Congo: Kabla ya kutafuta bosi wa studio, ujue wimbo ni wa nani

Goma, Bukavu, Butembo, Beni, Bunia, Uvira: katika kila mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo kuna vijana wanaorekodi nyimbo kwa feza zao wenyewe. Wanalipa studio, wanalipa mtu wa kamera, wanalipa pikipiki ya kuwafikisha kwenye redio. Wimbo unatoka, mtaa mzima unaucheza, lakini mfukoni hakuingii kitu. Wengi wao wanasema shida ni kukosa mtayarishaji, yaani mtu mwenye feza wa kuwainua. Lakini ukiwauliza swali moja tu, «wimbo huu ni wa nani?», ni wachache wanaojibu bila kusitasita.

Swali hilo linakuja kabla ya mtayarishaji, kabla ya video, hata kabla ya kuingia studio. Mkaaji wa Kivu anaelewa vizuri hatari ya kuwa na kiwanja bila hati. Unaweza kukilima miaka kumi, majirani wote wakajua ni chako, halafu siku moja anafika mtu mwenye karatasi. Wimbo nao ni hivyo. Siku ambayo hauna thamani, hakuna anayeugombania. Siku unapoanza kuleta feza, kila aliyekuwa chumbani anakumbuka kwamba alisaidia kuutunga.

Wimbo mmoja, viwanja viwili

Jambo la kwanza ambalo msanii anapaswa kujua ni kwamba wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Mali ya kwanza ni utunzi: maneno na sauti yake, vile ambavyo mtu anaweza kuviimba hata bila chombo chochote. Hiyo ni ya aliyeandika maneno na aliyetunga muziki. Mali ya pili ni rekodi, ile sauti iliyofungwa studio siku fulani. Mara nyingi hiyo inadaiwa na yule aliyelipia kazi ya studio, isipokuwa kama watu wamepatana vingine.

Mali hizi mbili zinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Unaweza kuwa mtunzi wa wimbo na usiwe mwenye rekodi. Unaweza kuuza rekodi na ukabaki na utunzi. Mwenzako anaweza kuimba upya wimbo wako: rekodi itakuwa yake, lakini utunzi utabaki wako, na una haki ya kupata fungu lako.

Katika nchi yetu, haki hizo zinalindwa na sheria-amri nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inayohusu haki za watunzi na haki zinazokaribiana nazo. Mtunzi anapata haki yake kwa sababu tu ametunga. Hahitaji muhuri wa ofisi ili wimbo uwe wake. Anachohitaji ni ushahidi, na hapo ndipo wengi wanaanguka.

Somo kutoka Léopoldville

Jambo hili si geni katika muziki wa Congo. Wakati Wendo Kolosoy anarekodi «Marie-Louise» mwaka wa 1948, kampuni za kurekodi mjini Léopoldville zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa kigeni. Ngoma, na baadaye Opika na Loningisa, ndizo zilizokuwa na mashine, na ndizo zilizouza sahani. Mwanamuziki alileta sauti.

Miaka ishirini baadaye, mambo yalikuwa yamebadilika. Mwaka wa 1968, Franco Luambo alianzisha Éditions Populaires, kampuni yake mwenyewe ya kutoa nyimbo. Verckys Kiamuangana, mpiga saksafoni wa OK Jazz, aliondoka katika bendi hiyo mwaka wa 1969, akaunda orkestra yake Vévé pamoja na kampuni yake, Éditions Vévé, iliyotoa pia kazi za vijana wengine. Watu wanamkumbuka Franco kwa gita na Verckys kwa saksafoni. Lakini wote wawili walielewa kwamba anayeshika rekodi ndiye anayegawa mkate.

Hasara ya kutoelewa hilo inaonekana katika historia ya Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka wa 1939 alirekodi «Mbube», na haki za wimbo huo akaziacha kwa kampuni iliyomrekodi kwa shilingi 10. Wimbo huo ndio uliogeuka kuwa «The Lion Sleeps Tonight», ukazunguka dunia nzima, ukaingia hata katika filamu «The Lion King» ya mwaka wa 1994. Linda alikufa maskini mwaka wa 1962. Mabinti wake walilazimika kwenda mahakamani, na mapatano yakafikiwa mwaka wa 2006, miaka 44 baada ya kifo cha baba yao. Saini ya dakika moja iligharimu familia maisha mazima.

Karatasi kabla ya maikrofoni

Dawa ya kwanza haihitaji mwanasheria wala safari ya Kinshasa. Ni karatasi moja ya mgawanyo, inayoandikwa siku wimbo unapokamilika, wakati watu bado wanapendana. Iandikwe hivi:

– Jina la wimbo na tarehe.
– Majina kamili ya walioandika maneno na waliotunga muziki, kama yalivyo kwenye kadi zao za uchaguzi, si majina ya kisanii peke yake.
– Asilimia ya kila mmoja katika utunzi. Jumla lazima ifike 100.
– Mwenye rekodi ni nani, na kama wako wengi, kila mmoja ana asilimia ngapi.
– Mtengeneza biti amelipwa kiasi gani, na malipo hayo yamemaliza deni au bado ana fungu lake.
– Saini na nambari za simu za wote.

Kila mmoja apige picha karatasi hiyo na kuituma kwa wenzake siku hiyohiyo. Ujumbe wa simu una tarehe na saa, na unaweza kusaidia siku ya ugomvi. Tunza pia rekodi za mwanzo, zile ulizoimba kwenye simu kabla ya studio, pamoja na daftari la maneno. Ni ushahidi kwamba wimbo ulizaliwa kwako.

Wengi wanaona haya kuleta karatasi mbele ya rafiki. Wanahofu kwamba rafiki atasema, «Huniamini?» Lakini urafiki unavunjika zaidi pale feza inapokuja bila karatasi. Anayekataa kuandika asilimia yake leo, wakati wimbo hauna hata franka moja, hatakuwa mpole siku wimbo utakapokuwa na maelfu ya dola.

Kitu kingine: ukilipa studio, omba risiti inayosema umelipia nini, na usitoke bila mafaili yako. Usichukue wimbo uliokamilika tu. Omba pia muziki bila sauti na zile njia za sauti zikiwa zimetenganishwa. Studio ikifungwa, kompyuta ikiibwa, au watu wakikimbia vita, kama tulivyoona mara nyingi katika miji yetu, kazi yako isipotee pamoja na mashine ya mtu mwingine. Weka nakala mahali pawili, moja kati yake kwenye intaneti.

Biti ya bure si ya bure

Vijana wengi wanachukua biti kwenye YouTube iliyoandikwa kwamba ni ya bure, wanaimba juu yake, kisha wanatoa wimbo. Mara nyingi «bure» hiyo ina maana ya kujaribu tu, bila kufanya biashara. Siku wimbo unapoanza kuingiza feza, mwenye biti anaweza kudai mapato yote au kuomba wimbo uondolewe.

Hata ukinunua, soma umenunua nini. Kuna ruhusa ya bei ndogo, ambapo biti hiyohiyo inauzwa kwa watu mia, na mara nyingi inaweka kikomo cha idadi ya wasikilizaji. Kuna ruhusa ya peke yako, yenye bei kubwa. Kijana wa Bukavu anayefanya kazi na mtengeneza biti wa Bukavu, wakaandikiana asilimia, mara nyingi ana usalama zaidi kuliko anayeokota biti ya mtu asiyemjua.

Akaunti iwe kwa jina lako

Leo si lazima kuwa na kampuni ili wimbo ufike Spotify, Apple Music, Boomplay au Audiomack. Kuna wasambazaji wa mtandaoni kama DistroKid, TuneCore na CD Baby wanaopokea wimbo kutoka kwa msanii mwenyewe. Wengine wanaomba malipo ya kila mwaka, na ukiacha kulipa nyimbo zako zinaweza kuondolewa. Wengine wanakata asilimia ya mapato. Kabla ya kuchagua, uliza swali moja la nyumbani: feza ikiingia, nitaitoaje hapa nilipo? Baada ya benki kufungwa mjini Goma mnamo Januari 2025, swali hilo limekuwa zito zaidi.

Kwa sababu ya shida hiyo, wengi wanafungua akaunti kupitia ndugu aliye Kampala, Kigali au Ulaya, au wanamwachia bosi wa studio kazi yote. Hapo ndipo kiwanja kinapotea. Kama ndugu anapokea feza kwa niaba yako, hiyo ni sawa, lakini jina la msanii, anwani ya barua-pepe na neno la siri viwe vyako. Wimbo ukiwekwa kwenye chaneli ya YouTube ya studio, wanaojiandikisha wanakuwa wa studio. Ukiondoka kesho, unaanza tena kwenye sifuri.

Kila rekodi inapewa nambari yake ya kimataifa inayoitwa ISRC, yenye alama 12. Iandike katika daftari lako. Ukibadilisha msambazaji, tumia nambari ileile ili hesabu ya wasikilizaji isipotee.

Na usidanganywe kuhusu mapato. Tangu mwaka wa 2024, Spotify hailipi wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12. YouTube inaomba angalau wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12 kabla ya kugawana na mwenye chaneli feza za matangazo, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 katika siku 90, tena kwa nchi zilizo kwenye orodha yake tu. Anayekuahidi utajiri wa haraka kwenye mitandao ukimlipa dola 50 anauza matumaini. Mbaya zaidi ni wanaouza wasikilizaji wa uongo: majukwaa yakigundua, wimbo unaondolewa, na jina lako linabaki na doa.

Feza iko wapi kwanza?

Kwa msanii anayeanza, feza ya karibu iko kwenye ndoa, sherehe, baa, tamasha na kazi za mashirika. Hapo pia kuna kanuni zake.

Kwa ndoa na baa, patana kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: tarehe, saa za kuanza na kumaliza, nani analeta vyombo, nani analipa usafiri, chakula kipo au hakipo. Omba avansi ya nusu kabla ya siku yenyewe, kupitia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Nusu ya pili ilipwe kabla ya kupanda jukwaani, maana baada ya muziki kuisha, mwenye sherehe amelala. Tena piga hesabu yote. Tuseme baa inakupa dola 100. Ukiwalipa wapiga muziki watatu dola 20 kila mmoja, ukatoa dola 25 za spika na usafiri, wewe unabaki na dola 15. Siyo mbaya, lakini ujue ni 15, siyo 100.

Kuhusu mashirika, mashariki mwa Congo kuna soko ambalo miji mingine haina. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, muziki ulitumika kufikisha ujumbe kwa wakaaji. Nyimbo za amani, za kipindupindu na za chanjo zinaombwa pia. Shirika likikuita, tofautisha kukodisha na kuuza. Kukodisha ni kusema: mnatumia wimbo huu kwa kampeni hii, kwa miezi sita, kwenye redio, kwa dola kadhaa. Kuuza ni kuachia yote milele. Karatasi nyingi za mashirika zina mstari unaosema kwamba kila kitu ni mali yao. Soma mstari huo, omba ubadilishwe, na wakikataa, bei ipande.

Kuhusu tamasha, Festival Amani ya Goma, iliyoanza mwaka wa 2014, imepandisha wasanii wa hapa kwenye jukwaa moja na majina makubwa ya Afrika. Waandaaji wa tamasha wanaomba vitu vilevile karibu kila mahali: maelezo mafupi ya maisha yako ya kazi, picha nzuri mbili, viungo vya nyimbo tatu, na orodha ya vyombo unavyohitaji jukwaani. Viandae kabla nafasi haijatangazwa, kwa sababu mara nyingi siku ni chache.

Mabanga: utamu na uchungu

Kuna chemchemi nyingine ya feza ambayo kila Mkongomani anaifahamu: mabanga, yaani kutupa majina ya watu ndani ya wimbo ili walipe. Libanga ni jiwe kwa Lingala. Desturi hii imelisha wanamuziki wengi, na si kazi yetu kuwahukumu.

Lakini jiwe likitupwa halirudi mkononi. Jina la mkubwa linabaki ndani ya wimbo hata mkubwa mwenyewe akianguka, na katika miji yetu, ambako mwenye nguvu wa leo anaweza kuwa mkimbizi wa kesho, jina lililoimbwa kwa dola 50 linaweza kumletea msanii taabu kubwa. Hata nje ya siasa, wimbo wenye majina kumi na tano ni mgumu kuuza mbali, kwa sababu msikilizaji wa Lubumbashi au Nairobi hawajui watu hao. Wanaotaka kufanya mabanga wanaweza kutoa matoleo mawili: moja safi la soko, lingine lenye majina kwa ajili ya sherehe. Na malipo yaje kabla ya kurekodi.

Mkataba ukifika

Siku moja bosi anaweza kuja kweli, na kontra mkononi. Usikimbie, lakini usitie saini siku hiyo. Nenda nayo nyumbani. Ikiwa imeandikwa kwa Kifaransa kigumu, tafuta mwanasheria, au angalau mwalimu unayemwamini, akueleze kila mstari. Kama hujafikisha miaka 18, mzazi awepo.

Tazama mambo matano. Muda: mwaka mmoja au miwili inaeleweka; saba ni mingi kwa mtu ambaye hajaona chochote. Mali: rekodi ni za nani, na zinarudi kwako lini? Eneo: ni Congo, au ni dunia nzima? Jina: ukiondoka, unabaki na jina lako la kisanii? Mlango wa kutokea: unatoka kwa masharti gani na kwa gharama gani?

Huo wa mwisho si mchezo. Harmonize alipoondoka WCB Wasafi ya Tanzania mwaka wa 2019, yeye mwenyewe alieleza hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 za Tanzania. Yeye alikuwa tayari nyota. Kijana wa mtaa wa Himbi au wa Kadutu angezitoa wapi?

Angalia pia neno «baada ya matumizi». Bosi anasema mtagawana nusu kwa nusu. Nyimbo zinaingiza dola 1,000. Anasema ametumia 800 kwa video, nguo na redio. Zinabaki 200, na wewe unapata 100. Kumbe nusu yako ni sehemu moja ya kumi. Si lazima awe mwizi; huenda alitumia kweli. Ila mkataba uandike kwamba matumizi yoyote makubwa yanahitaji kibali chako, na kwamba atakuonyesha risiti kila miezi mitatu au sita.

SOCODA na haki za watunzi

Wimbo ukichezwa kwenye redio, televisheni, hoteli au baa, mtunzi ana haki ya kulipwa. Kazi ya kukusanya haki hizo ilikuwa ya SONECA tangu mwaka wa 1969, kisha ikahamia kwa SOCODA mwaka wa 2011. Wasanii wengi wanalalamika kwamba fungu linalowafikia ni dogo au halifiki kabisa, na kwa walio mbali na Kinshasa ugumu unaongezeka.

Hata hivyo, kutangaza nyimbo zako ni jambo la maana, kwa sababu asiyeandikwa hawezi hata kudai. Usichanganye tu vyungu viwili: msambazaji wa mtandaoni anakuletea feza za rekodi, shirika la haki linakusanya feza za utunzi. Kuwa na kimoja hakukupi kingine.

Pa kuanzia

Msanii anayesoma makala hii anaweza kuanza juma hili bila dola hata moja. Achukue daftari, aandike nyimbo zake zote zilizokwisha kutoka, na mbele ya kila moja aandike: nani alitunga, nani alilipa, faili liko wapi, akaunti iko kwa jina la nani. Palipo na shaka, awapigie simu wenzake sasa, wakati bado hakuna cha kugombania, na waandike karatasi ya mgawanyo hata kama wimbo una miaka mitatu.

Orodha hiyo haitamfanya mtu kuwa nyota. Kipaji, mazoezi na bahati vina kazi yao. Lakini siku mtayarishaji atakapogonga mlango, atamkuta mwenye kiwanja, na mazungumzo yataanzia kwenye bei ya kukodi.